UZI: Mtumishi wa umma akiitwa kwenye maafa ziwani, apewe siku zake zenye mshahara, asiandikwe mtoro

Mwana_Nansio (mwanzisha uzi)

Wakuu, amani kwenu. Mimi ni mtumishi wa halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa, idara ya fedha. Nimezaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kuogelea nilikujua kabla ya kusoma. Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kujitolea Msalaba Mwekundu. Nimefundishwa huduma ya kwanza, kubeba majeruhi, na kazi ya kuandikisha waliopotea na kuwatafutia ndugu zao.

Jambo ninaloleta hapa nimelibeba tangu Septemba 2018.

Alhamisi ya tarehe 20, mchana, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza hatua chache kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kile kilipangiwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Shemeji yangu wa Bugolora, kivuko kilikotokea, alinipigia nikiwa ofisini. Nilimtumia mkuu wangu ujumbe kwenye simu, nikapita nyumbani kuchukua begi la huduma ya kwanza, nikavukia Kisorya. Ijumaa asubuhi nilikuwa kazini, ila si kazi niliyoajiriwa.

Niseme ukweli, sikuokoa mtu aliye hai. Mimi nilipewa daftari. Unaandika nguo: gauni la kitenge cha njano, shati la shule, pete kidole cha kati mkono wa kushoto. Ndugu wanapanga mstari, kila mmoja anakutajia mtu wake alivyoondoka nyumbani asubuhi amevaa nini, unapekua kurasa, ukiona vinafanana unampeleka akaangalie. Kuna mama nilimpeleka mara tano. Mara zote tano hakuwa mwanawe, na mara zote alinishukuru.

Jumamosi habari zikafika kwamba fundi wa kivuko ametolewa mzima baada ya siku mbili ndani ya chombo kilichopinduka. Mstari mzima ulisimama. Watu wakaacha kutaja nguo, wakaanza kuuliza kama kuna wengine wanaosikika wakigonga. Mpaka leo nikifumba macho nayaona yale maswali kuliko ninavyoziona maiti.

Jumapili ilikuwa ya maziko, Jumatatu na Jumanne bado watu walikuwa wanakuja kutafuta. Jumatano nikarudi ofisini. Mezani nilikuta barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua kwa utoro. Wanaojua kanuni wanajua: zaidi ya siku 5 bila ruhusa, kazi unaipoteza. Mimi nilishatumia 3.

Aliyenihudumia pale alikuwa mtu mwema. Alinishauri nijaze fomu ya likizo ya mwaka kwa tarehe za nyuma, jambo liishe. Nikajaza. Zikakatwa siku 3 kwenye zile 28. Sililii siku hizo. Kinachoniuma ni kwamba kwenye jalada langu, hadi nitakapostaafu, imeandikwa kuwa Septemba 21, 24 na 25 mwaka 2018 nilikuwa mapumzikoni.

Pendekezo langu: Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma ziwe na siku za kujitolea zenye mshahara, tuseme 5 kwa mwaka, kwa mtumishi aliyefundishwa na kuandikishwa mapema, akiitwa rasmi. Zisikatwe kwenye likizo ya mwaka na zisihesabiwe utoro. Mbona kwenye SHIMISEMITA, michezo ya watumishi wa serikali za mitaa, tunatoka? Watu wanakwenda kuvuta kamba na kucheza netiboli siku kadhaa, mshahara unaingia, kibali kinatoka, na siipingi michezo hiyo hata kidogo. Kama mlango wa kumtoa mtumishi kazini kwa heshima upo kwa kamba, naomba uwepo kwa maiti na majeruhi.

Nawasilisha. Naomba wenye uzoefu wachangie, hasa wanaopinga.

---

Mwalimu_Kayenze

Pole sana ndugu yangu. Umeomba wanaopinga, basi niruhusu.

Mimi nafundisha msingi, darasa la tatu, watoto wanazidi mia. Tukiwa walimu watatu tumefundishwa huduma ya kwanza na wote tukaitwa Jumatatu, watoto wanabaki na nani? Mhasibu akitoka siku 5, mafaili yanamsubiri mezani. Mtoto wa darasa la tatu hasubiri, anakwenda ziwani kuogelea, na hapo tumezalisha msiba mwingine.

La pili linanisumbua zaidi. Shuleni kwetu kuna vijana wawili wanajitolea. Wamemaliza chuo, hawajaajiriwa, wanafundisha vipindi vingi kuliko mimi, na wazazi wanawachangia nauli inapopatikana. Neno "kujitolea" kwao lina maana ya kufanya kazi ya serikali bila mshahara wa serikali, wakisubiri. Leo mwenye ajira aje kusema anataka alipwe ili ajitolee? Nitawaangaliaje usoni chumba cha walimu?

---

Kijana_wa_Nyegezi

Naungana na mwalimu. Ukilipwa si kujitolea, tafuteni jina lingine.

---

Mama_Igoma

Mwanangu Mwana_Nansio, nimesoma habari zako nikaiweka simu chini kwanza.

Mimi ni muuguzi, nimebakiza miaka michache kustaafu. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa binti mgeni kazini hapa Mwanza. MV Bukoba ilipozama, hakuna aliyetuuliza zamu ya nani. Zaidi ya watu 800, wanangu. Mji mzima ulinuka msiba. Walikuja watumishi wa kila idara, wa posta, wa reli, walimu, wengine hawajui hata kufunga bandeji, wakawa wanabeba maji, wanashika mikono ya watu. Waliozikwa Igoma bado wako jirani na kwangu, napita pale kila wiki.

Kwa kijana anayesema tutafute jina lingine: mshahara ni wa ajira yake, na angeupata hata kama angekaa ofisini anachezea simu. Anachokitoa yeye ni kile ambacho hakimo kwenye mkataba. Usingizi wake. Mgongo wake. Zile ndoto zitakazomwamsha miaka kumi baadaye, ambazo hakuna fomu ya kuombea likizo. Mimi zinaniamsha mpaka leo, na miaka yote hii sijawahi kusikia mtu akiziita posho.

Mwalimu, lako la watoto lina uzito. Sina jibu lake.

---

Mzee_Buzuruga

Ng'wanawane, yaani mwanangu, nimetumika kwenye masuala ya utumishi miaka 31, nimestaafu. Naomba nichangie kwa upande wa taratibu, maana huko ndiko mambo mazuri yanakofia.

Kwanza, aliyekushauri urudishe tarehe nyuma alikuhurumia, lakini mngekamatwa na mkaguzi mngeumia wote wawili. Jambo jema lisilo na kanuni humlazimisha mtu mwaminifu kuandika uongo. Hiyo peke yake inatosha kuwa hoja.

Pili, wenzetu wameshafanya, na hawakufanya kwa namna moja. Jimbo la Texas, Marekani, lina sheria inayomruhusu mtumishi wa jimbo aliyefuzu mafunzo ya maafa ya Msalaba Mwekundu kwenda hadi siku 10 kwa mwaka, mshahara haukatwi, likizo haipungui. Lakini haendi kwa kuamua mwenyewe: Msalaba Mwekundu uombe, na mkubwa wake wa kazi akubali. North Carolina wao wanatoa saa 24 kwa mwaka kwa huduma za jamii, hata kwenda kusaidia shuleni. Australia, Desemba 2019 misitu ilipokuwa inaungua, serikali kuu ilitangaza siku 20 za kazi zenye malipo kwa watumishi wake ambao ni wazimamoto wa kujitolea. Ujerumani kuna chombo cha serikali cha uokoaji kiitwacho THW, tangu 1950, na karibu watu wake wote ni wa kujitolea. Mtu akiitwa, mwajiri humwachia na kuendelea kumlipa, na mwajiri binafsi hurudishiwa na serikali. Uingereza nako mwaka 2015 chama kilichoshinda uchaguzi kiliahidi siku 3 kwa mwaka kwa wafanyakazi wa serikali na wa kampuni kubwa. Ahadi ile haikufika kuwa sheria. Naitaja makusudi ili msidhani kutangaza ni kupata.

Angalieni tofauti. North Carolina ni siku za hiari, mtu anachagua shughuli. Texas na Ujerumani ni za kuitwa. Kwa mazingira yetu mimi nasimama na za kuitwa. Siku za hiari zitaliwa. Tumeona vyeti vya daktari vinavyopatikana kirahisi. Barua ya kikundi cha kujitolea itapatikana kirahisi zaidi. Na mkuu wa idara atapewa karatasi asiyoweza kuihakiki.

Nani aite? Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Kamati ya wilaya ikae na orodha ya watumishi waliofundishwa, majina yawe yameridhiwa na wakuu wao mwanzoni mwa mwaka, siku ya maafa yenyewe isiwe ya kubembelezana. Mwalimu wangu wa Kayenze, hapo ndipo jibu lako lilipo: shule moja isitoe zaidi ya mmoja kwenye orodha, na zahanati hivyo hivyo.

---

Dada_wa_Maabara

Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama.

Nakubaliana na za kuitwa, ila msiisahau damu. Mimi niko maabara. Maafa yanayokuja kila siku hayapigiwi ving'ora: mama aliyejifungua anatoka damu, mtoto ana malaria kali damu imekwisha mwilini, bodaboda kagongwa Buhongwa. Damu ikishachangwa haikai milele. Chembe nyekundu siku 35 au zaidi kidogo kutegemea dawa iliyo kwenye mfuko, chembe sahani siku 5 tu. Kwa hiyo huwezi kufanya hamasa moja kubwa mwezi wa sita ukalala.

Na wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, majokofu yanapwaya, na wagonjwa hawafungi shule. Watumishi wa umma wapo mjini mwaka mzima. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Hapo naomba nusu siku tu, mara tatu au nne kwa mwaka, mtu aje, achangie, anywe soda, apumzike, asikimbizane na saa ya kuripoti.

Na mtu anayempa nduguye figo? Tangu Novemba 2017 Muhimbili wanapandikiza, na mtoaji ni ndugu. Marekani watumishi wa serikali kuu wana siku 30 kwa mtoa kiungo na 7 kwa mtoa uboho wa mifupa, kwa sheria ya 1999. Najua uzi ni wa ziwani, ila mlango ukifunguliwa ufunguliwe vizuri.

---

Mwana_Nansio

Dada, umenipa jambo ambalo sikulifikiria. Nusu siku ya damu ni rahisi hata kuitetea, maana hospitali inaweza kutoa uthibitisho siku hiyo hiyo na hakuna wa kuughushi.

Mwalimu, kuhusu vijana wawili wa shuleni kwako. Nimekaa na hoja hiyo tangu jana. Nadhani neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Wale vijana wanafanya kazi ambayo serikali ingepaswa kumwajiri mtu. Hilo ni deni, na sitaki pendekezo langu litumike kulifunika. Mimi naongelea kazi ambayo hakuna anayeweza kuajiriwa kuifanya, kwa sababu huwezi kuwalipa watu 300 wakae Bugolora wakisubiri kivuko kipinduke. Unawahitaji siku 4 katika miaka mingi, lakini siku hizo 4 unawahitaji wote, na wawe wanajua wanachofanya.

Wazee wetu wa Usukuma walilijua hili shambani. Bugobogobo ile tunayoiona leo kwenye sherehe, watu wakirusha majembe kwa ngoma, ilikuwa kazi: kundi linaitwa, linalima la mmoja, kesho la mwingine. Hakuna aliyewaweka watu shambani mwaka mzima wakisubiri.

---

Mvuvi_Igombe

Mimi si mtumishi. Nimesoma uzi wote, mnaandika vizuri, lakini naona mnajadiliana wenyewe kwa wenyewe.

Chombo kikizama, anayefika kwanza si mtumishi. Ni sisi. Ukara wavuvi na wanakijiji ndio walioanza kutoa watu. Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani na watu 43, wavuvi ndio waliofika na mitumbwi. 24 walipona. Yule kijana Majaliwa Jackson alijulikana, akapewa milioni 1 na kazi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ilikuwa haki yake. Wapo wengi waliovuta kamba siku ile ambao hakuna anayewajua majina.

Sisi wa dagaa tunafanya kazi wakati wa giza. Mbalamwezi ikikaa tunapumzika, hiyo ndiyo likizo yetu na haina mshahara. Msiba ukiangukia kwenye giza, usiku mmoja wa kutafuta watu ni usiku mmoja nyumbani hawali. Mafuta ya mashine natoa mfukoni. Mwaka mmoja, sitaji wapi, tulitafuta kijana mmoja siku 2 na usiku 2 na mitumbwi minne. Tulimpata wa tatu asubuhi. Ofisi moja ikatuahidi mafuta. Hatukuyaona, na mwenye mtumbwi mmoja alikuwa amekopa.

Sisemi mtumishi asipewe siku zake. Apewe. Ila mkiandika barua yenu mkatutaja kama watu wa pwani wanaotazama, mtakuwa mmekosea.

---

Mama_Igoma

Baba, umesema kweli. Samahani kwamba tulikusahau.

---

Mwana_Nansio

Ndugu yangu wa Igombe, nakushukuru. Nimeuona upungufu wangu.

Nilipokuwa na daftari langu pale Bwisya, kila jina nililoliandika lilikuwa la mtu aliyeletwa nchi kavu na mtu mwingine. Mimi nilipoteza siku 3 za likizo, nikaziita dhuluma. Aliyewaleta alipoteza samaki, mafuta na nyavu, na hakuwa na jalada popote la kuandikwa hata kwa makosa.

Nimeiandika upya. Jumamosi hii tawi letu la chama cha wafanyakazi linakutana, tunakusanya hoja za kupeleka ngazi ya mkoa. Naweka hapa rasimu, mnisaidie kuichana:

"Tunapendekeza Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zitambue likizo maalumu ya kujitolea yenye mshahara, isiyozidi siku 5 za kazi kwa mwaka, kwa mtumishi aliyepata mafunzo na kuorodheshwa na kamati ya maafa ya wilaya, na kuitwa na kamati hiyo. Mkuu wa taasisi atoe ridhaa wakati wa kuorodhesha. Siku hizo zisihesabiwe likizo ya mwaka wala utoro. Mtumishi anayechangia damu apewe nusu siku kwa uthibitisho wa kituo. Aidha, kamati ya maafa ya wilaya itenge fungu la kurudisha mafuta na vifaa vilivyopotea kwa wavuvi na wenye vyombo walioitwa au waliofika kwanza eneo la tukio, kwa uthibitisho wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) ya mwalo husika."

Sentensi ya mwisho si ya utumishi, najua. Mzee Buzuruga, itakataliwa?

---

Mzee_Buzuruga

Watakwambia siyo mahali pake. Wewe iache. Chama kinaweza kuipeleka kama kiambatisho kwa mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ile. Ila ondoa "wakati wa kuorodhesha" uweke "kila Julai", mwaka wa fedha unapoanza. Bila mwezi hakuna mtu atakayeridhia chochote.

Tena Julai ina tarehe 25, siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji. Orodha isomwe siku hiyo, mwaloni, mbele ya wavuvi, ili wajuane sura kabla ya shida.

---

Mwalimu_Kayenze

Kwa kipengele cha shule moja mtu mmoja, naondoa pingamizi. Kiandike wazi kwenye rasimu, usikiache kwa busara ya mkuu wa shule. Na jina langu liwemo. Naogelea.

Vijana wangu wawili wameusoma uzi huu jana mapumzikoni. Mmoja kasema akiajiriwa ataomba awe kwenye orodha. Mwingine hakusema kitu.

---

Kijana_wa_Nyegezi

Nafuta kauli yangu ya juu. Mafunzo ya huduma ya kwanza yanapatikana wapi kwa asiye mtumishi?

---

Dada_wa_Maabara

Nenda ofisi za Msalaba Mwekundu za mkoa, uliza mafunzo yajayo. Na ukiwa njiani pita damu salama, kanda yetu kituo kipo hapa hapa Mwanza.

---

Mvuvi_Igombe

Mwana_Nansio, kwenye "mafuta" weka lita, usiache hivyo hivyo. Mashine ya farasi 15, kutafuta kuanzia asubuhi mpaka jioni, siyo chini ya lita 30. Ukiandika mafuta tu, watatuletea galoni moja tugawane mitumbwi minne.

Na taa. Usiku hatuoni kitu. Andika na taa.